Rangi ya ukuta ije mwisho: kuchagua vifaa na rangi za jiko jipya

Wenye nyumba wengi huanza na rangi ya ukuta. Wanakuja na picha kwenye simu, wameshapenda kijani fulani au kijivu fulani, na kila kitu kingine kinatakiwa kiifuate. Graniti inatafutwa ya kuendana na kile kijani, dukani zipo aina sita tu, na hakuna hata moja inayokubaliana nacho. Utaratibu unaotupa majiko mazuri ni wa kinyume. Anza na kitu chenye machaguo machache na gharama kubwa, malizia na chenye machaguo mengi na gharama ndogo: kaunta kwanza, kisha sakafu, kisha milango ya makabati, kisha vigae vya ukutani, na rangi ya ukuta mwisho kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua jiko la mita 3 kwa 3.6, kimo chake mita 2.8. Kuta zote nne ni karibu mita za mraba 37. Ondoa mlango, dirisha, makabati na sehemu ya vigae. Zinabaki 18 hadi 20 za kupakwa rangi. Lita moja ya rangi nzuri ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 4, yaani galoni moja. Galoni moja unaweza kuibadilisha mwakani ukiichoka. Kaunta ya graniti yenye urefu wa mita 5, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 160 hivi, imegandishwa kwa gundi na imeshatobolewa tundu la sinki. Hiyo huibadilishi. Basi yenyewe ndiyo itangulie, na rangi ya ukuta itapatikana tu, kwa sababu zipo kwa mamia.

Kabla ya kuona sampuli yoyote, iangalie nyumba yenyewe. Jiko linalopika mchuzi wa nazi, samaki wa kukaanga, pilau na chapati haliwezi kuchaguliwa kwa picha za majiko ambayo kazi yao kubwa ni kupasha chakula. Mafuta ya kukaangia hupanda na mvuke na kutua juu ya makabati na kwenye dari kama utando wa manjano unaonata vumbi. Binzari manjano inashika kwenye kila kitu chenye vinyweleo. Ndimu, ukwaju na siki vinakula mawe ya jamii ya chokaa. Na kama mkaa bado unatumika, ukae uani au kwenye jiko la nje lenye hewa. Sababu si masizi peke yake, bali ni hewa ya kaboni monoksidi isiyoonekana wala kunuka, ambayo huua watu ndani ya chumba kilichofungwa.

Maji nayo yana neno lake. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu hutumia maji ya kisima yenye chumvi, angalau wakati wa mgao. Tone la maji hayo likikauka juu ya graniti nyeusi inayong'aa linaacha duara jeupe, na baada ya miezi michache eneo lote la kuzunguka sinki linakuwa la kijivu kilichofifia. Bomba jeusi na sinki jeusi hupata alama hizohizo. Chukua maji ya bomba lako kwenye chupa ndogo, nenda nayo dukani, dondosha matone machache kwenye kipande cha sampuli na uyaache yakauke bila kuyafuta. Ukiona duara, ujue utaliona kila siku. Kaunta ya kijivu cha kati, ya krimu yenye madoadoa, au nyeusi isiyong'aa sana inasamehe zaidi.

Udongo wa mtaani uamue rangi ya sakafu. Moshi na Arusha kuna vumbi jekundu na jeusi la volkano, Dodoma jekundu, pwani mchanga wa kijivu. Sakafu nyeupe kabisa Dodoma inahitaji kupigwa deki asubuhi na jioni, na sakafu nyeusi pwani inaonyesha kila nyayo ya mtu aliyetoka nje. Okota udongo mkavu wa mlangoni, usugue juu ya sampuli ya kigae, kisha chagua kigae ambacho udongo huo hauonekani ukiwa umesimama.

Halafu jua. Ushauri mwingi wa rangi umeandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako dirisha la kaskazini karibu halipati jua, chumba chake kinaonekana cha baridi, na watu wanashauriwa kukipaka rangi za joto. Kwetu haiko hivyo. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko upande wa kusini, tena karibu na utosi, kwa hiyo haliingii ndani sana. Dirisha la kaskazini hapa ndilo linalopata jua kwa miezi mingi zaidi, hasa Juni na Julai linapoinama kiasi cha kuingia chini ya bati. Dirisha gumu kuliko yote ni la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua la chini linaingia moja kwa moja, linapiga milango inayong'aa na kuumiza macho ya anayepika, na linapausha rangi. Upande huo epuka milango ya kioo au ya gloso, na epuka nyekundu kali na manjano kali, ambazo nyingi hupauka. Rangi zinazotokana na oksidi ya chuma, kama wekundu wa tofali la kuchoma, manjano ya udongo na kahawia, hukaa miaka bila kubadilika.

Sasa kaunta. Kwa mapishi yetu graniti bado ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Inahimili sufuria iliyotoka motoni, haikwaruzwi na kisu, na ndimu haiigusi. Unene wa sentimita 2 unatosha ukiwa umekaa juu ya zege au ubao ulionyooka. Sehemu inayoning'inia bila mhimili isizidi sentimita 20. Ukingo wa mbele utokeze sentimita 2 hadi 3 kupita milango, na chini yake fundi achonge mfereji mwembamba kwa grainda ili maji yanayomwagika yadondoke chini badala ya kurudi kwenye mlango wa kabati. Mfereji huo ni kazi ya dakika chache, na kuukosa ndiko kunakofanya milango mingi ya chini ivimbe juu. Tundu la sinki lina hatari yake: kipande chembamba kinachobaki mbele na nyuma ya sinki ndicho kinachovunjika wakati wa kubeba. Kisipungue sentimita 6, pembe za tundu ziwe za mviringo, kwa maana ufa huanzia kwenye pembe kali, na jiwe libebwe likiwa limesimama kwa ubavu, kamwe lisilazwe.

Zipo graniti nyeusi zilizotiwa dawa au rangi ili zionekane nyeusi zaidi. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usugue jiwe. Kitambaa kikitoka na weusi, rangi hiyo itatoka pia kwa sabuni, na kaunta itabaki na mabaka. Jaribio la pili ni la ndimu: kamulia matone mawili, subiri dakika 15, pangusa. Ikibaki alama iliyofifia, jiwe lina chokaa ndani yake, hata kama muuzaji anasema, "Bosi, hii graniti kabisa." La tatu ni la maji: weka tone kwa dakika 10. Mahali pakigeuka peusi, jiwe linanywa, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutumika, kisha kupimwa tena kwa tone kila mwaka. Graniti za rangi nyepesi hunywa mafuta kuliko nyeusi. Doa la samli kwenye graniti nyeupe isiyozibwa huingia ndani, na kulitoa ni kazi.

Marumaru halisi ni nzuri kwa macho na mbaya kwa mpishi. Ndimu ikimwagika inaila papo hapo na kuacha alama isiyofutika bila kusuguliwa upya kwa mashine. Iwekeni mezani au msalani. Terazo nayo ina saruji na mara nyingi vipande vya marumaru, hivyo asidi inaila vilevile. Sakafuni inapendeza, kwenye kaunta hapana.

Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa madini ya kwatsi yaliyosagwa na gundi ya rezini yanavutia kwa sababu rangi yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hayanywi maji wala mafuta. Udhaifu wake ni joto: rezini huungua na kugeuka manjano ukiweka juu yake kikaango kilichotoka kwenye moto, na doa hilo halitoki. Kuna jambo zito zaidi. Anayekata mawe haya kwa grainda bila maji anavuta vumbi la silika, na vumbi hilo linaua mapafu polepole. Australia ilipiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, kwa wakataji. Graniti pia ina silika, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Ukimwona fundi anakata jiwe lako kavukavu huku amefunga leso puani, msimamishe. Akate kwa kumwagilia maji, avae barakoa ya kuchuja vumbi. Leso haizuii kitu.

Kwa bajeti ndogo, kaunta ya zege iliyotandazwa vigae ni chaguo la heshima. Bamba la zege la sentimita 7 lenye nondo, juu yake vigae vya poselini vya sentimita 60 kwa 60, ili kila kigae kifunike upana wote wa kaunta bila mstari katikati. Tatizo la kaunta za vigae ni mistari yake, na hapa mistari inabaki michache. Ukingo wa mbele usifunikwe kwa ukanda wa plastiki. Fundi akate vigae kwa nyuzi 45 avikutanishe, kisha aulainishe ukingo kwa jiwe la kunolea ili usikate mikono.

Kuhusu michoro na madoadoa, kaunta yenye mchanganyiko mwingi huficha makombo, na watu huisifia kwa hilo. Inaficha pia kipande cha kioo kilichovunjika na msururu wa sisimizi. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo tunapendelea madoadoa madogo, ya rangi mbili tu. Na ukishachagua kaunta yenye mishipa mikubwa, vigae vya ukutani viwe vya rangi moja bila maua. Vitu viwili vyenye michoro vikikutana pembeni ya jiko la gesi, jicho halipati pa kutulia.

Sakafuni, angalia boksi la vigae kabla ya kuangalia rangi. Vigae vya sakafu viwe vya poselini, vinavyonywa maji yasiyozidi asilimia 0.5, vya seramiki vya ukutani hunywa mara nyingi zaidi na huvunjika vikikanyagwa na mtungi wa gesi. Uso uwe na ukwaruzo kidogo. Kigae cha gloso chenye mafuta ya kukaangia ni ajali inayosubiri mtu. Kama kinu kinatumika, waambie mafundi mapema: chini ya mahali kitakapokaa, chokaa cha kulazia kigae kijae bila uwazi hata kidogo. Wapo wanaoweka donge la saruji katikati ya kigae na kukigonga kikae. Pembe zinabaki hewani, na kinu kikitwangwa juu yake kigae kinapasuka. Siku mbili baada ya kulaza, gonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Kinacholia kama debe tupu king'olewe kabla grauti, yaani kijazio cha mistari kati ya vigae, haijawekwa.

Sakafu ya saruji nyekundu ya zamani bado ni nzuri, ya bei nafuu, na rangi yake inadumu kwa sababu ni ya oksidi ya chuma. Inaharibika pale fundi anapokadiria rangi kwa jicho. Pima kwa uzito: kilo 2.5 za oksidi kwa mfuko wa kilo 50 wa saruji, na isizidi kilo 5, maana ikizidi hapo saruji inapoteza nguvu. Changanya oksidi na saruji kavu kwa chumba kizima kwa pamoja, kabla ya mchanga na maji. Ukichanganya kwa mafungu, kila fungu litakuwa na wekundu wake. Mwagilia siku 7.

Makabati ndiyo yanayokula fedha na ndiyo yanayoharibika mapema, kwa sababu watu huchagua mlango na kusahau sanduku, yaani mwili wa kabati wenyewe. Chipubodi yenye melamini ndiyo ya kawaida. Ndani ni chembe za mbao na gundi, na ukingo ukipata maji inavimba na hairudi. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikiwa ya kijani inasemwa kuwa inahimili unyevu, ila kijani ni rangi tu iliyotiwa, na si kila kijani kinahimili sawa. Omba kipande cha sentimita 5 kwa 5, pima unene, kiloweke saa 24, pima tena. Cha milimita 18 kikifika 20, usikiweke karibu na sinki. Plaiwudi inayouzwa kama ya baharini ijaribiwe kwa kuchemshwa: saa mbili kwenye sufuria, na tabaka zikiachana, gundi yake si ya maji. Muuzaji mwaminifu hakunyimi kipande cha kujaribia.

Sehemu inayokufa kwanza ni kabati la sinki. Kingo zote zilizokatwa, pamoja na tundu la bomba ambalo hakuna anayeliona, zipakwe rangi ya mafuta mikono miwili au silikoni kabla ya kufunga. Silikoni nayo ina aina. Ile inayonuka siki inakula marumaru na saruji na kutusha chuma. Tafuta isiyonuka siki, yenye dawa ya kuzuia kuvu. Makabati yasikae sakafuni moja kwa moja. Yainue sentimita 10 kwa miguu ya plastiki au kwa kitako cha zege, maana maji ya deki ndiyo yanayovimbisha chini.

Kwa nyumba ya chini pwani, penye mchwa na unyevu, tunapendelea sanduku la tofali na zege, yaani vikuta vya kugawanya, rafu za zege na kaunta juu, halafu fremu na milango tu ndiyo iwe ya mbao au alumini. Mchwa hawana cha kula, na maji yakivuja hakuna kinachovimba. Hasara yake ni nafasi: kila kikuta cha tofali la inchi 5 pamoja na plasta kinachukua sentimita 15, kwa hiyo kaunta ya mita 3 yenye vikuta vinne imepoteza sentimita 60. Panga vikuta vichache, na droo zote ziwe upande mmoja.

Milango ya mbao ngumu ni fahari ya fundi wa Kitanzania, na mninga unastahili sifa zake kwa sababu ukishakauka hauchezi sana. Mkongo pia ni imara. Mtiki wa mashamba kama Longuza na Mtibwa unapatikana kwa urahisi zaidi, nao hukua haraka kuliko mninga wa porini, kwa hiyo tunashauri uanzie huko. Mbao yoyote iwe imekauka kweli. Mlango wa mbao mbichi unapinda ndani ya miezi michache. Ubao wa katikati ukae ndani ya mifereji ya fremu bila gundi, ukiachiwa milimita 3 kila upande wa kupumua. Vanishi ipakwe mbele na nyuma kwa idadi ileile ya mikono. Ukipaka mbele tu, nyuma inanywa unyevu na mlango unajikunja.

Rangi ya mbao usiichague siku ya kwanza. Mtiki uliopasuliwa karibuni una mabaka na mistari ya kijani inayowatisha watu, na hutulia wenyewe ukipata mwanga. Mninga nao hubadilika. Chukua kipande kilichopakwa vanishi utakayotumia, funika nusu kwa karatasi nzito, kiweke dirishani wiki mbili. Nusu iliyoachwa wazi ndiyo inayokuonyesha rangi ya jiko lako la mwakani, kwa hiyo ndiyo ubebe kwenda kulinganisha na kaunta.

Milango ya MDF iliyovikwa plastiki laini inapendeza siku ya kufunga. Karibu na oveni na juu ya birika gundi inalainika na plastiki inaanza kufunuka pembeni. Acha nafasi kati yake na moto au tumia iliyopakwa rangi sehemu hiyo. Bawaba za kisasa zinahitaji tundu la milimita 35 lenye kina cha milimita 12 hivi, kwa hiyo mlango usiwe chini ya milimita 16. Mlango wa hadi sentimita 90 unatosha bawaba mbili, mrefu zaidi uongezewe ya tatu. Karibu na bahari bawaba za bei ya chini zinaanza kutu ndani ya mwaka mmoja. Nunua za chuma cha pua hata kama itabidi upunguze kwingine. Sinki nalo liwe la chuma cha pua cha daraja 304. Sumaku haitakusaidia sana hapa: haishiki 304, lakini haishiki daraja 201 vilevile, na 201 ndiyo inayotoa vidoa vya kutu kwa maji ya chumvi. Muuzaji aandike 304 kwenye risiti.

Kwa rangi za milango, chini peusi kidogo na juu peupe kidogo ni mpango unaofanya kazi kwenye majiko madogo, kwa sababu chini ndiko kunakopigwa na miguu na juu ndiko kunakohitaji kurudisha mwanga. Nyeusi isiyong'aa huonyesha kila alama ya kidole chenye mafuta. Nyeupe ya gloso inafutika kirahisi kuliko watu wanavyodhani.

Vigae vya nyuma ya kaunta ni eneo dogo. Urefu wa mita 3.6 kwa kimo cha sentimita 60 ni mita za mraba 2.16, ongeza asilimia 10 za kukata, unapata karibu 2.4. Boksi la vigae vya 30 kwa 60 lenye vipande 8 ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi mawili. Nunua yote siku moja. Kwenye boksi kuna namba ya kundi la rangi na namba ya vipimo, zote zilingane. Boksi la kundi jingine lenye jina lilelile linaweza kutofautiana kiasi cha kuonekana ukutani.

Grauti ndiyo inayozeesha jiko. Mafundi wengi hujaza mistari kwa saruji nyeupe, ambayo ni laini, inapasuka na kunywa binzari siku ya kwanza. Dai grauti halisi, mistari ya milimita 2, na rangi ya krimu iliyokolea au kijivu cha mchanga. Nyuma ya jiko la gesi, kama fedha inaruhusu, tumia grauti ya epoksi. Ni ngumu kuipaka na lazima ipanguswe kabla haijakauka, lakini haishiki rangi kirahisi. Doa la binzari kwenye sehemu nyeupe lisikutie hofu: rangi yake huvunjwa na mwanga wa jua, na likipata jua la dirishani siku chache hufifia.

Mpaka hapa ukuta bado ni plasta, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa funga taa kwanza. Taa nyingi za dukani ni za Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe inayoelekea samawati. Chini yake kijivu kinakuwa cha zambarau, krimu inakuwa ya kijani, na nyama inaonekana imekufa. Taa za 2700 hugeuza nyeupe kuwa manjano. Jikoni tunafunga 4000, na boksi likiwa na alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya vitu, tunatafuta 90 au zaidi. Weka moja chini ya makabati ya juu pia, kwa sababu taa ya katikati ya dari inampiga mpishi mgongoni na kivuli chake kinaangukia ubao wa kukatia.

Kila nyeupe ina rangi iliyojificha. Laza sampuli juu ya karatasi nyeupe ya A4, na umanjano, upinki au usamawati wake utajionyesha. Halafu weka sampuli hiyo juu ya kaunta yako. Graniti ya kahawia inataka nyeupe yenye umanjano. Ya kijivu inataka yenye ukijivu. Zikivukana, moja itaonekana chafu. Ukibaki na rangi tatu, nunua kopo dogo la kila moja, paka vipande vya ubao vya sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, uvisimamishe ukutani na kuvihamisha. Vitazame asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku taa zikiwaka. Usipake sampuli moja kwa moja juu ya ukuta wa rangi nyingine, utadanganyika na rangi inayoizunguka. Na rangi ikijaza ukuta mzima huonekana imekolea kuliko kipande, basi ukisita kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi.

Plasta mpya ipewe wiki nne kabla ya rangi, zaidi wakati wa masika. Ikipakwa mapema, chumvi inatoka na rangi inabanduka kama magamba. Rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu ukali wa saruji unaigeuza kuwa sabuni. Nyeupe ya mafuta pia hugeuka manjano sehemu zenye giza. Tumia rangi ya maji ya silki inayooshwa, dari ikiwemo, kwani dari ya chokaa haioshwi na mafuta yanatua huko. Kama makopo ni zaidi ya moja, yamimine yote kwenye ndoo moja na kuyakoroga kabla ya kuanza.

Kazi ikiisha, andika namba ya rangi, kundi la vigae, aina ya grauti na jina la vanishi kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati la juu. Rangi iliyobaki imimine kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni, isiwe na hewa ya kuikausha. Vigae vilivyosalia, angalau sita, vipangwe kwa ubavu juu ya makabati, kwa sababu fundi bomba akija kuvunja ukuta baada ya miaka mitano, kigae hicho hakitakuwa sokoni tena.